Mama Mkwe Si Mtalii

Ndugu zangu wa kalamu, toleo hili naomba tusimamishe kwanza ule ugomvi wetu wa vina na mizani. Wa guni na wa arudhi mnisamehe, mtaendelea toleo lijalo. Kuna maandishi yanaandikwa humu mjini kila siku ya Mungu, yanapita mikononi mwetu hasa sisi tunaojua kushika kalamu, na hakuna anayeyahesabu kuwa ni maandishi. Nasema barua ya mwaliko. Ile anayoandika mkwe aliyeko ng'ambo ili wazazi wa mwenzake wapate viza ya kwenda kuwatembelea.

Mnacheka? Haya, chekeni. Lakini niambieni, shairi lako la mwisho lilisomwa na nani? Na huyo aliyelisoma, alikuwa na uwezo wa kuamua kama bibi atamwona mjukuu wake au hatamwona? Barua ya mwaliko ina msomaji mmoja tu, lakini anaisoma akiwa na rungu mkononi. Mimi sijui hadithi fupi yenye msomaji mkali kuliko huyo. Na kazi nzito namna hiyo tumemwachia nani? Tumewaachia vishoka.

Dai langu ni fupi. Barua nyingi za mwaliko zinazotungwa mjini ni uongo mbaya, mbaya kwa maana zote mbili: ni dhambi, na ni utunzi wa ovyo. Uongo huo hauwaumizi waliotunga sheria za viza hata kidogo. Unawaumiza wazazi wetu. Na sisi tunaojiita waandishi ndio wa kuukomesha.

Tuchukue Uingereza, maana ndugu zetu wengi wako kule na kanuni zake zimechapishwa, anayetaka anazisoma. Tuseme kijana kaondoka Dar, kasoma, kapata kazi, katulia zake Leicester. Kaja kuoa Temeke, kwa posa na mahari na mashahidi, kamchukua mkewe. Sasa mke ni mjamzito. Nyie mnajua uzazi wa kwanza kwetu ulivyo. Haumalizwi na nesi. Mama mzazi lazima awepo, amkande binti yake kwa maji ya moto, ampikie uji wa pilipili manga, amfunge tumbo, amfundishe kumshika mtoto, mpaka arobaini itimie. Hiyo ni kazi ya ukoo na ina heshima yake. Hakuna bibi hata mmoja Temeke nzima aliyewahi kuiita safari ya starehe.

Basi mkwe anaingia kwenye maombi. Viza yenyewe ni ya mgeni, ruhusa ya kukaa hadi miezi 6, na mlango ni mmoja: mtalii anapita hapo, mfanyabiashara wa mkutano anapita hapo, mama mkwe naye anapita hapo hapo. Mtaani tunaiita viza ya utalii. Na jina hilo ndilo lililotuponza, maana kishoka wa Kariakoo akisikia tu utalii, anaanza kutunga.

Sikiliza anavyomshauri mkwe kwa simu. "Mzee, usithubutu kusema mama anakuja kulea mtoto. Watasema anakuja kupiga kazi. Wewe andika anakuja kutalii." Na mkwe wa watu, msomi mzima, anaandika. Mama atatembelea kasri la Buckingham. Mama atapanda London Eye. Mama ana hamu kubwa ya kuona Tower Bridge na majumba ya makumbusho. Wiki sita mfululizo, mwezi wa Januari, kwenye baridi ya kukata masikio.

Sasa hebu kaa kwenye kiti cha afisa. Mbele yako kuna mwanamke wa miaka 61, ana genge la mboga, pasipoti yake mpya haina muhuri hata wa Namanga. Hajawahi kwenda kuangalia wanyama Mikumi. Hajawahi kwenda Bagamoyo ila kwenye msiba. Halafu ghafla, katika uzee wake, kashikwa na kiu ya makumbusho ya London! Na kwa bahati ya ajabu, kiu hiyo imempata mwezi ule ule ambao binti yake anajifungua. Wewe ungeamini? Kama ungekuwa mhariri wa gazeti letu ungemrudishia mwandishi hadithi yake, umwambie mhusika hana uhai, vitendo vyake havitokani na maisha yake. Afisa naye anarudisha. Tofauti ni kwamba yeye harudishi ada.

Na hapa ndipo hasira yangu inapochemka. Uongo huo haukuhitajika! Mwongozo ambao serikali ya Uingereza imewapa maafisa wake unakubali kwamba ndugu anaweza kuja kwa muda mfupi kumsaidia mzazi kuangalia mtoto, ilimradi iwe ni matembezi ya kifamilia na si ajira ya yaya. Bibi kwenda kumshika mjukuu si kosa kule. Kosa ni kudanganya. Maombi yakithibitika kuwa na udanganyifu, mwombaji anaweza kufungiwa viza kwa miaka 10. Miaka 10, jamani! Mtoto aliyekuwa tumboni atakuwa darasa la nne au la tano, bibi bado anamwona kwenye kioo cha simu. Kishoka alikwishakula chake siku nyingi.

Uongo wa pili ni wa hela. Mama anaambiwa akaunti yake haipendezi. Basi ukoo mzima unachangishana, zinaingia milioni kumi na mbili siku ya Jumatatu, stetimenti inachapwa Ijumaa, Jumatatu ya pili hela za watu zimerudi kwa wenyewe. Stetimenti inasoma hivi: elfu thelathini, elfu kumi na tano, elfu ishirini, milioni kumi na mbili. Afisa anauliza swali ambalo hata mtoto wa shule angeuliza: zimetoka wapi? Na hakuna wa kumjibu, maana ukweli wenyewe umefichwa. Ukweli ni kwamba mama hana haja ya milioni kumi na mbili. Atalala kwa bintiye, atakula kwa bintiye, nauli kalipa mkwe. Kanuni zinaruhusu mwenyeji amgharimie mgeni wake kwa malazi na chakula, mradi aonyeshe kuwa anaweza na kuwa ana nia ya kweli. Kwa hiyo anayetakiwa kuonyesha hela ni mkwe! Lakini mkwe kajificha nyuma ya London Eye.

Msinielewe vibaya. Sisemi mlango wenyewe ni wa haki. La hasha! Tusomeni historia yake kidogo, maana kizazi chetu kinalalamika sana na kusoma kidogo.

Zamani aliyenyimwa viza ya kutembelea ndugu Uingereza aliweza kukata rufaa. Mwaka 1993 bunge lao likaiondoa haki hiyo. Mwaka 2000 serikali nyingine ikairudisha kwa wanaotembelea familia, kwanza kwa kulipia ada, na mwaka 2002 ada ya rufaa ikafutwa. Kisha Juni 2013 wakaizika tena. Tangu hapo mama mkwe akinyimwa ana njia chache na zote chungu: aombe upya na kulipa upya, au atafute wakili wa kwenda mahakamani kuhoji uhalali wa uamuzi, au adai kuwa haki yake ya kibinadamu ya maisha ya familia imevunjwa. Muuza genge wa Temeke atampata wapi wakili wa London?

Ada nayo haikulala. Mpaka mwanzoni mwa Oktoba 2023 viza hiyo ya miezi 6 ilikuwa paundi 100. Mwezi huo ikawa 115. Aprili 2025 ikapanda hadi 127, zaidi ya laki nne za kwetu kwa bei ya wakati huo. Ukikataliwa, laki nne zimekwenda na maji.

Kuna jambo jingine ambalo wengi wetu hatukulisikia. Tangu mwaka 2015 wizara yao ya mambo ya ndani ilikuwa inatumia programu ya kompyuta kuyapanga maombi ya viza kwa rangi za taa za barabarani: kijani, njano, nyekundu. Uraia wa mwombaji ulikuwa mojawapo ya vitu vilivyompa rangi, na kulikuwa na orodha ya siri ya mataifa yaliyotiliwa shaka. Agosti 2020, baada ya watetezi wa wahamiaji kuipeleka wizara mahakamani, programu hiyo ikasimamishwa. Miaka mitano! Na mwaka 2019 kikundi cha wabunge wao wenyewe, wa vyama vyote, kinachoshughulikia mambo ya Afrika, kilitoa ripoti kikisema mwombaji wa Kiafrika alikuwa na uwezekano wa kukataliwa zaidi ya mara mbili ya waombaji wa sehemu nyingine yoyote ya dunia. Hayo hawakusema walalamishi wa kijiweni. Wamesema wabunge wa kule kule.

Halafu geuza upande. Tuseme ukwe ni wa mchanganyiko, binti wa Temeke kaolewa na Mwingereza mwenyewe, na sasa ni zamu ya wazazi wa mume kuja kuwaona wakwe zao. Mzee wa Leicester analipia dola 50 kwenye mtandao, au anazilipa pale pale uwanja wa ndege akishashuka. Akienda Unguja anaongeza bima ya dola 44, iliyoanza Oktoba 2024. Basi. Hakuna anayemuuliza nyumba yake ina hati au haina. Hakuna anayetaka stetimenti yake. Hakuna anayemtaka athibitishe kuwa anampenda mjukuu wake kiasi cha kumtembelea lakini si kiasi cha kubaki. Sisi tulifundishwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Wakwe wawili, mtoto mmoja wa kati, na njia ya kumfikia ni mbili: mmoja anapita kwa dola 50, mwingine kwa kuvuliwa nguo.

Ndiyo, kuvuliwa nguo, na hilo ndilo linaloniuma kuliko ada. Kwetu ukwe una pazia lake. Zipo koo ambazo mkwe na mama mkwe hawali meza moja, na wakikutana njiani mmoja anapisha. Mkwe haulizi mfuko wa mama mkwe una nini. Sasa mkwe huyo huyo anapiga simu: "Shikamoo mama. Samahani mama, naomba stetimenti yako ya miezi sita. Samahani mama, nyumba ni yako au ya marehemu baba? Mirathi ilishafunguliwa?" Na mama, kwa aibu, anajibu. Upande wa pili ni hivyo hivyo. Mkwe anaambatanisha hati zake za mshahara, mkataba wa nyumba, idadi ya vyumba na wanaolala humo. Karatasi zote zinapita kwa shemeji anayezichapa Kariakoo. Jioni ukoo mzima unajua kwamba bwana mkubwa wa majuu ana chumba kimoja na nusu na mshahara wake unaishia kwenye kodi. Heshima iliyojengwa kwa mahari na vikao inabomolewa na mashine ya fotokopi.

Ndipo mwenzangu mmoja ananipinga: "Kama mlango wenyewe ni wa dhuluma, kwa nini unatuhubiria ukweli? Mwongo mpe uongo." Nimeisikia hoja hiyo na naiheshimu, ina hasira ya haki ndani yake. Lakini haina akili ya vita. Rufaa wameifuta. Mara nyingi hakuna hata usaili, mama anakwenda kutoa alama za vidole na picha Dar, na uamuzi unatoka kwa mtu asiyemwona. Maana yake ni kwamba kilichobaki kumsemea ni karatasi peke yake. Sasa wewe, katika vita ambayo silaha pekee uliyoachiwa ni maandishi, unaingia na maandishi ya uongo? Unampa adui yako sababu halali ya kufanya alichokuwa anatafuta sababu ya kukifanya? Njia ya mwongo ni fupi, na hii inaishia kwenye dirisha la kuchukulia pasipoti.

Mwingine anasema: "Lakini wapo wanaokwenda kutembea wakabaki." Kweli, wapo, tusijifanye watakatifu. Mijini kwetu kuzamia kuliimbwa kama ushujaa, na kila mtaa una hadithi ya aliyekwenda wiki mbili akakaa miaka kumi na mbili. Lakini aliyebaki ni yeye, si bibi huyu. Na dawa ya shaka hiyo si kupamba majumba ya London. Ni kueleza kwa nini bibi huyu, kwa jina lake na maisha yake, lazima arudi Temeke.

Na hapo, vijana wenzangu, ndipo kazi yetu ilipo. Maana sababu za kurudi za mama zetu hazikai kwenye fomu. Fomu inauliza mshahara kwa mwezi. Mama hana mshahara, ana genge. Ana zamu ya kupokea upatu mwezi wa Mei, na akina mama kumi na wawili wanamsubiri aendelee kutoa baada ya hapo. Ana hisa kwenye Vicoba na yeye ndiye anayeshika daftari. Ana wajukuu wawili anaowalea, mmoja anafanya mtihani wa darasa la saba Septemba. Ana wapangaji wa vyumba vitatu vya uani. Ana kaburi la mumewe ambalo hajakosa kulizuru kila Idi. Ana kiti chake kwenye kila shughuli ya mtaa, na asipoonekana, watu wanaulizana. Mwanamke wa namna hiyo atabaki Leicester afanye nini? Akae peke yake ndani, binti kazini, mkwe kazini, dirishani mvua?

Hivyo ndivyo vinavyomfunga mtu na kwao. Vina ushahidi pia: daftari la Vicoba, barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, barua ya shule, mikataba ya wapangaji, leseni ya biashara. Kishoka havijui kwa sababu hamjui mama. Yeye anajua mama mmoja tu, wa kwenye fotokopi, anayependa makumbusho. Na sisi ambao tumelelewa na mama hao, tunaojidai kuandika juu ya "maisha ya mwananchi wa kawaida", tunaona kumwandikia ukurasa mmoja wa kweli ni kazi ya steshenari!

Hata tafsiri ni uwanja wetu. Karatasi zisizo za Kiingereza zinatakiwa ziende na tafsiri iliyothibitishwa na mtafsiri mwenyewe, kwa jina na sahihi. Mtafsiri wa chochoroni akikutana na neno upatu, anaandika bahati nasibu. Akikutana na arobaini, anaandika namba 40. Kwa kalamu moja kamgeuza mwanamke anayeaminika na mtaa mzima kuwa mcheza kamari. Nani kati yetu, wapenzi wakubwa wa Kiswahili, aliyewahi kukaa chini akatafuta namna ya kumweleza Mwingereza upatu ni nini kwa sentensi mbili akaelewa? Hiyo ni kazi ya fasihi, tena ngumu.

Mkwe naye aandike kama mtu. Aseme: mke wangu anajifungua mwezi fulani, mama yake anakuja wiki sita kumsaidia kama ilivyo desturi yetu, hatalipwa, mimi ninamgharimia na hizi hapa hati zangu, atarudi tarehe fulani kwa sababu hizi na hizi, na ushahidi wake huu hapa. Akimaliza, aweke sahihi. Asiongeze Buckingham. Kama mama akishafika atataka kupelekwa mjini siku moja kuangalia magari mekundu ya ghorofa, apelekwe, si dhambi. Lakini asiitwe mtalii.

Watakataa wengine hata hivyo? Watakataa. Sitawadanganya kwamba sentensi nzuri inafungua kila geti. Lakini aliyekataliwa kwa ukweli anaweza kuomba tena kesho kwa jina safi, maelezo yake ya jana na ya leo yakifanana. Anaweza kumwambia mbunge wa kule, au wakili, au gazeti: hiki ndicho nilichosema, na hiki ndicho walichonijibu. Hata wabunge wale wa 2019 wasingekuwa na la kuandika bila visa vya kweli vya watu waliokataliwa. Aliyekataliwa kwa uongo hana hata pa kulalamikia. Anarudi nyumbani kimya, na dhuluma aliyofanyiwa haimo kwenye hesabu ya mtu yeyote.

Kwa hiyo natoa changamoto kwa kila anayeandika kwenye kurasa hizi. Mwezi huu, kabla hujaleta shairi la mbalamwezi, tafuta mtaani kwako familia moja inayohangaika na viza ya mkwe. Wanyang'anye kishoka. Kaa na mama, mnywe chai, muulize anaamka saa ngapi, anadaiwa na nani, anamdai nani, nani atamlilia akichelewa kurudi. Andika. Usitoze hata shilingi. Ukishindwa kumfanya mgeni mmoja aamini kwamba mama huyo yupo, anaishi, na ana kwao, basi hata hizo riwaya unazotuahidi kila mwaka, bwana, usituletee.